Kamba ya Mita Mbili

"Huyo hang'ati, msiwe na wasiwasi." Kila aliyemwachia mbwa wake azurure kambini ana kauli hii tayari mdomoni, na huitoa akiwa mbali, mikono mfukoni, wakati mnyama wake wa kilo arobaini amekwisha kufika kwenye mkeka wa watu. Sidhani kama anadanganya. Mbwa wengi wanaoletwa maziwani huku hawang'ati kweli. Tatizo ni kwamba anayelijua hilo ni yeye peke yake. Mtoto wa miaka minne aliyepanda juu ya meza akipiga mayowe hana habari, na mama yake anayekusanya vyombo kwa haraka hana habari pia.

Nazungumzia Saskatchewan, jimbo la katikati ya Kanada, nchi ya nyanda za nyasi na ngano, ambako siku hizi huoni tena ajabu kukutana na Kiswahili sokoni au kanisani. Familia za Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania zimejaa Saskatoon na Regina. Ukienda mashariki utazikuta Winnipeg, na ukienda magharibi utazikuta Brooks, mji wa viwanda vya nyama. Kiangazi cha huku ni kifupi na watu hukigombania. Mwishoni mwa Juni jua huzama saa tatu na nusu usiku na kabla ya saa kumi na moja alfajiri limekwisha kuchomoza. Wenyeji hufunga mizigo, hupakia watoto, hupakia mbwa, wakaenda kulala kwenye mahema kando ya ziwa. Sisi wengi tunabaki mjini. Tukiulizwa kwa nini, tunasema mambo ya kulala porini ni ya wazungu.

Mimi nasema sababu kubwa ni mbwa, ila tunaona haya kuisema. Na dawa yake ipo tayari, imeandikwa kwenye kanuni za hifadhi za jimbo: mbwa awe kwenye kamba isiyozidi mita 2, awe na mtu wa kumwangalia, na asiingie kwenye ufukwe wa kuogelea isipokuwa ule uliotengwa kwa ajili ya mbwa. Kanuni hiyo wengi huichukulia kama ushauri tu. Ingekuwa inafuatwa, nusu ya ninaowajua wangekwenda ziwani.

Niseme mapema, wasije watu wakanivika joho lisilo langu: mbwa ninaye. Watoto walinishinda. Anaitwa Simba, kwa uhaba wa ubunifu, na kiangazi huenda nasi kokote tuendako.

Ziwa ninalolijua vizuri ni Diefenbaker, mwendo wa saa moja na ushei kusini mwa Saskatoon. Mgeni hulidhania la asili. Ni Mto Saskatchewan Kusini uliozibwa na bwawa la Gardiner, kazi iliyoanza 1959 ikakamilika 1967. Ukuta wake ni wa udongo, kimo chake mita 64, na ukiamua kuutembea kutoka mwisho hadi mwisho utapiga kilomita 5. Maji yalirudi nyuma yakajaza bonde kwa kilomita 225, na ufuko wake wenye vidole na vihori vingi unafikia kilomita 800 hivi. Hifadhi za Danielson, Douglas na Saskatchewan Landing zote ziko kandokando yake, na zote zina viwanja vya mahema. Hiyo ya Douglas ina machuguu ya mchanga ambayo watoto huyapenda kuliko ziwa lenyewe. Imepewa jina la Tommy Douglas, kiongozi aliyeanzisha matibabu ya bure katika jimbo hili kabla nchi nzima haijaiga.

Ziwa hili lina tabia zake. Mto huo chimbuko lake ni Milima ya Rocky, kwa hiyo theluji ya huko ikiyeyuka maji hupanda kwa mita kadhaa. Mchanga ulipoweka kiti chako mwezi wa tano huenda mwezi wa saba ukawa chini ya maji. Kingo zake ni udongo laini unaobomoka, na mwenye akili hatandiki chini ya gema hata kama pana kivuli kizuri. Kina nacho hubadilika ghafla: hatua chache maji ni ya magotini, hatua inayofuata hamna chini. Tafadhali likumbuke hilo, nitalirudia.

Na bonde lilikuwa na wenyewe kabla halijawa ziwa. Palikuwa na jiwe kubwa la tani zipatazo 400, lenye umbo la nyati wa huku aliyelala, ambalo Wakree waliliheshimu na kuacha sadaka zao hapo tangu enzi. Simulizi yao inasema ni kijana aliyelelewa na nyati akageuka jiwe. Bwawa lilipokaribia kujaa kulikuwa na watu waliohangaika ili jiwe lihamishwe, wakashindwa, na Desemba 1966 likalipuliwa kwa baruti. Vipande vingine vilitumika kujengea minara ya kumbukumbu. Mwaka 2014 wazamiaji walitangaza kuwa wameyaona mabaki yake chini ya maji. Kila nikisikia mtu anasema ziwa ni la kila mtu, hukumbuka kwamba kauli hiyo haijawahi kutimia yenyewe. Huhitaji mipango, na mara nyingi huhitaji mtu mmoja azuiwe kidogo ili mwingine apate pa kukaa.

Sasa tuje kwa mbwa na sisi. Wenzetu wa huku hudhani tunamchukia mnyama huyu. Hawajui tumekulia wapi. Mtoto wa Nairobi au Dar es Salaam hujifunza kusoma kwa maandishi ya "Hatari! Mbwa Mkali" kwenye mageti ya watu wenye nafasi. Mbwa wa nyuma ya geti hilo hakufugwa abembelezwe. Alifugwa ili wewe usiingie. Kisha kuna kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaonekana hakuna kupona. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 hivi kwa mwaka, karibu vyote Asia na Afrika, na katika visa karibu vyote aliyeambukiza ni mbwa. Mtoto wa Musoma aliyefundishwa kukaa mbali na mbwa asiyemjua hakufundishwa ushamba. Alifundishwa namna ya kuishi.

Kwa watu wa pwani, ambao wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, kuna jambo la ziada. Mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa mwenye furaha anapokuja kuramba mikono ya mzee aliyekwisha kutawadha na mkeka wake umetandikwa kuelekea kibla, yule mwenye mbwa huona mapenzi. Mzee anaona kazi iliyomwangukia, mahali ambapo bomba la maji liko mita mia moja kutoka hemani. Hakuna chuki hapo.

Wengine hawafiki hata kwenye suala la mbwa. Nilimshawishi mama mmoja wa Uvira, jirani yetu, aje na wajukuu. Huyu amezaliwa kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, anajua dagaa, anajua upepo, anajua kuogelea kuliko sisi sote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, turubai nimelalia Nyarugusu mpaka watoto wakaolewa. Leo nilipe dola nilalie turubai?" Sikuwa na jibu. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na wapo waliokaa humo miaka kumi, kumi na tano, ishirini, kabla ya kuletwa huku kwenye baridi. Kwa mtu wa namna hiyo hema halina mapumziko yoyote ndani yake, na simlaumu. Siku hizi huja asubuhi na kurudi jioni, hulala kwake. Lakini hata kwa safari hiyo ya kutwa swali lake la kwanza kwa simu ni lilelile: "Mbwa wapo?"

Wapo, mama. Na wengine hawajafungwa.

Turudi kwenye kina cha maji. Mtoto anayemkimbia mbwa hatazami anakokimbilia. Nimemwona mmoja, binti wa miaka sita au saba, akirudi nyumanyuma huku macho yamemganda kwa mbwa mweusi aliyekuwa anataka tu mpira wake. Alirudi mpaka maji yakamfika kifuani. Mbwa akamfuata majini, maana kwa mbwa kila anayeingia majini ameanzisha mchezo. Baba wa mtoto akamdaka kwa nguo begani, viatu vyake mwenyewe mguuni, simu mfukoni. Hakuna aliyeumia na mwenye mbwa alicheka kwa upole kabisa. Chama cha uokoaji majini cha Kanada kimeonya kwa miaka mingi kwamba wahamiaji wapya wamo hatarini zaidi kuzama kwa sababu wengi hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Ukilijua hilo, kicheko kile kinapoteza utamu.

Upande wa pili wa hoja hii ni mbwa mwenyewe, na hapa ndipo ninapowashangaa wenye mbwa wenzangu. Wanaona kamba kama jela. Nyika yote hii, wanasema, mpaka upeo wa macho, na mbwa afungwe? Swali lina mvuto wake kwa mtu asiyejua nyika hizi zinaficha nini.

Kuna nyasi moja ya jamii ya shayiri inayoota kwenye ardhi ya chumvichumvi karibu kila ukingo wa maji. Ni nzuri mno kuitazama, suke lake lina nywele ndefu zinazong'aa rangi ya fedha na waridi. Likikauka huvunjikavunjika, na kila kipande kina vimiiba vilivyolala upande mmoja, kwa hiyo kikishaingia kinasonga mbele tu, hakirudi. Huingia puani mwa mbwa, sikioni, katikati ya vidole. Nimemwona mzee mmoja, usiku, kwenye mwanga wa taa za gari, amemlaza mbwa wake ubavu, anapanua vidole vya mguu kimoja baada ya kingine na kuchomoa vimiiba kwa kibano cha nyusi cha mkewe. Alivipanga juu ya kifuniko cha sufuria. Mkewe kila dakika anauliza vingapi. Kesho yake walikunja hema wakampeleka mbwa kwa daktari, kwani kimoja kilikuwa kimezama mbali.

Nungunungu nao wapo. Yule wa huku hukwea miti, na miiba yake ina vindoano ncha zake zote, kwa hiyo haitoki kirahisi. Mbwa aliyechomwa usoni hajifunzi, bali hurudi kulipa kisasi. Kuna kicheche wa huku, mweusi mwenye milia myeupe, ambaye akimnyunyizia mbwa wako hamtalala hemani usiku huo, na pia ni mmoja wa wanyamapori wanaobeba kichaa cha mbwa katika nyanda hizi. Kuna kupe wa majira ya kuchipua.

Linaloniogopesha kuliko yote ni maji yenyewe. Julai na Agosti, joto likipanda na upepo ukitulia siku mbili tatu, maziwa mengi ya nyika hizi huota utando wa kijani, utafikiri mtu kamwaga kopo la rangi. Huitwa mwani, ingawa hasa ni bakteria, na lishe yake kubwa ni fosforasi inayotiririka kutoka mashambani na mijini. Binadamu akiuona na kusikia harufu yake huondoka. Mbwa hunywa. Akitoka hujilamba manyoya na kumeza mengine. Sumu zake nyingine hushambulia ini, nyingine mishipa ya fahamu, na hizi za mishipa zinaweza kumuua mbwa mkubwa kwa muda usiofika saa moja. Dawa ya kuivunja sumu hiyo hakuna. Wahenga wetu walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Maji ya Agosti ya huku hawakuyaona.

Kwa hiyo ninapomfunga Simba kwa kamba ya mita 2 sijamwonea. Nimemnyima nyasi, nungunungu, kicheche na kinywaji cha kijani kwa mpigo mmoja, na jirani yangu amekula samaki wake kwa amani. Akitaka kukimbia, Saskatoon ina viwanja kadhaa vilivyozungushiwa uzio ambako mbwa huachiwa kisheria, wakimbizane mpaka walegee.

Kuna wanaotaka tufike mbali zaidi, mbwa wapigwe marufuku kabisa kambini. Nimeyasikia haya kwenye vikao vyetu vya chai na siyaungi mkono. Mjane wa huku ambaye watoto wamehamia Toronto na Vancouver, ambaye kiumbe pekee anayemngojea mlangoni ni mbwa, huwezi kumwambia amwache nyumbani siku tatu. Atabaki naye, au atamfungia ndani ya gari lenye joto la kuua. Na kusema kweli mbwa aliyefungwa vizuri ndiye aliyenifahamisha na watu wengi kambini. Mzungu wa nyanda hizi ni mtu wa salamu fupi. Ukimsifia mbwa wake anakutolea kiti.

Na sisi tuna ya kwetu ya kurekebisha. Mtoto afundishwe nyumbani, kabla ya safari: mbwa akija usikimbie, usipige kelele, simama wima, mikono mwilini, usimkazie macho. Asimshike mbwa wa mtu bila kuuliza. Mifupa ya kuku tusiitupe majanini baada ya nyama choma. Inavutia kila mbwa wa kambi, na mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kumchana mbwa tumboni. Na tukubaliane jambo moja ambalo halitawafurahisha vijana wetu: ile spika ya muziki tunayoiweka juu ya boneti ni mbwa wetu aliyefunguliwa. Inaingia kwenye mahema ya watu bila hodi, na sisi tunasema tu kwamba haing'ati.

Kwa mama wa Mwanza au Kisumu aliye na hofu ya kichocho, hofu hiyo aipunguze lakini asiitupe. Maziwa ya huku yana ndugu zake: minyoo ya ndege wa majini inayopitia kwa konokono, ambayo hujipenyeza kwenye ngozi ya mtu kwa kukosea njia na kufia humo. Mtoto hutoka vipele na huwashwa siku kadhaa, basi. Mkaushe kwa taulo barabara mara tu anapotoka majini. Dawa ya mbu nayo ni lazima. Malaria hakuna huku, lakini mbu wenyewe wana bidii kuliko wa kwetu.

Ninachotaka kwa wasimamizi wa hifadhi ni vitu viwili. Kwanza, kanuni ya kamba isemwe kwa mdomo pale getini, wakati mgeni anapochukua kibali chake cha kulala, na anayeivunja atozwe faini mbele ya watu mara moja mbili kila msimu, habari itasambaa yenyewe. Kibao cha mbao kilichofifia karibu na vyoo hakijamtisha mtu. Pili, kila hifadhi kubwa itenge mzunguko mmoja wa viwanja vya mahema usio na mbwa kabisa, pamoja na kipande chake cha ufuko. Jambo hili halihitaji kubuniwa upya, hifadhi za jimbo la Ontario zimekuwa na viwanja vya namna hiyo kwa miaka mingi na wapenzi wa mbwa wa huko hawajahama nchi. Ufukwe wa mbwa nao upanuliwe wakati huohuo, ili mtu asiseme kanyang'anywa.

Nafasi za kulala kiangazi hugombaniwa kwa mtandao kuanzia Aprili, na viwanja vya karibu na maji huisha mapema. Baada ya safari mtu ana ruhusa ya kuandika maoni yake kwa hifadhi. Nikiandika mwenyewe itasomwa kama malalamiko ya mgeni asiyependa mbwa, hata nikiambatisha picha ya Simba. Yule mzee wa kibano amekubali kutia jina lake. Nahitaji wenye mbwa wengine.